Je, wajua? Moyo ukienda mbio, nyuzi zake huwa nzito kuitikia kalsiamu

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mtu akishtuka, adrenalini huzifanya nyuzi za misuli ya moyo ziitikie kalsiamu kwa wepesi zaidi, ndiyo maana moyo hudunda kwa nguvu. Ukweli ni kinyume kabisa: huwa nzito kuitikia, na uzito huo ndio unaouokoa moyo.

Seli ya moyo hujikaza kalsiamu inapofurika ndani yake, hulegea inapoondolewa. Adrenalini huamsha kimeng'enya kiitwacho PKA, nacho hubandika fosfeti (kikundi kidogo cha kemikali chenye fosforasi) kwenye protini kadhaa, na hilo hubadili utendaji wake. (Edmond Fischer na Edwin Krebs, waliogundua kwamba fosfeti hubandikwa na kubanduliwa hivi, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1992.)

Kosa langu lilikuwa kuhesabu kujikaza na kusahau kulegea. Kwa mapigo 60 kwa dakika, kila pigo lina milisekunde 1000. Kwa mapigo 180, zimebaki 333 tu, na humo moyo ujikaze, ulegee, ujae damu. Usiolegea kwa wakati haujai, na usiojaa hauna cha kusukuma hata ukijikaza vipi.

Chukua mfano wa kitasa. Troponini, protini iliyo kwenye nyuzi za moyo, ni kitasa; kalsiamu ni ufunguo. Ufunguo ukiingia, protini iitwayo miosini hupata nafasi ya kuishika nyingine, aktini, na kuivuta, na hivyo ndivyo uzi unavyojikaza. PKA ikibandika fosfeti kwenye troponini I, sehemu mojawapo ya troponini, tundu la ufunguo hupwaya: ufunguo unaingia, ila huchomoka upesi. Peke yake hilo lingeudhoofisha moyo. Lakini PKA hiyohiyo hufungulia funguo nyingi zaidi ziingie kwenye seli. Tena kuna pampu inayozirudisha ghalani, yaani kwenye hifadhi ya kalsiamu ndani ya seli, ambayo kwa kawaida hukaliwa na protini ndogo, fosfolambani. Fosfolambani ikibandikwa fosfeti huinuka, pampu ikachapa kazi. Kwa hiyo nguvu yote ile inatokana na wingi wa funguo. Kitasa chenyewe kimelegezwa.

Sasa moyo unaposhindwa kufanya kazi. Mwili huumiminia adrenalini miezi na miaka, mpaka vipokezi vya moyo vinavyoipokea adrenalini hiyo vinapungua na kuwa butu. Fosfeti kwenye troponini I hupungua, kitasa hubana. Kwenye karatasi unasoma "usikivu kwa kalsiamu umepanda" na unakaribia kupongeza. Kumbe funguo zimeng'ang'ania, moyo unachelewa kulegea. Fosfolambani nayo imeikalia pampu, ghala halijai, na pigo linalofuata linakuta funguo chache.

Ila vipimo vinavyoonyesha kupungua huko kwa fosfeti kwenye troponini visomwe kwa tahadhari. Mara nyingi moyo mgonjwa hulinganishwa na moyo wa mtu aliyefariki na kutoa viungo vyake, na moyo huo unaoitwa mzima huenda ulifurikwa na adrenalini katika saa za mwisho. Fosfeti zake zikiwa nyingi kupita kawaida, pengo kati yake na moyo mgonjwa litaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Na kuhusu fosfolambani, usikimbilie kusema iondolewe tu. Panya waliozalishwa bila protini hiyo wana moyo unaojikaza na kulegea kwa kasi ya kusifiwa. Binadamu wachache waliozaliwa bila fosfolambani inayofanya kazi, kwa sababu ya hitilafu ya jeni kutoka kwa wazazi wote wawili, moyo wao ulitanuka na kushindwa wakiwa bado vijana.