Je, Wajua Kwa Nini Video Iliyozunguka Sana Huwa na Ukungu?

Fungua stika yoyote ya mchekeshaji Mzee Majuto iliyomo kwenye simu yako. Uso unatambulika na kicheko kinakuja bila kuombwa, lakini kingo zimechakaa, rangi ya shati imevuja hadi nje ya shati, na kama kuna maandishi, herufi zimezungukwa na vumbi. Sasa nenda YouTube uitafute video ya wimbo wa Gangnam Style ya mwaka 2012. Imetazamwa mara bilioni kadhaa, na bado iko safi kama siku ilipopandishwa. Zote mbili zimevuma. Kwa nini moja imechakaa na nyingine haijachakaa?

Wengi husema ni uzee. Sivyo. Faili la kompyuta halizeeki; namba zinazounda picha hubaki zilezile miaka 20 ikipita, ilimradi kifaa kinachozihifadhi ni kizima. Kinachoichosha video ni safari, na hasa vituo vya njiani. Kila inapofika mahali ikafunguliwa, ikabanwa na kuhifadhiwa upya, kuna kitu kinatupwa, na kilichotupwa hakirudi.

Kubanwa huko hakuepukiki. Sekunde moja ya video ya pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, ikiachwa ghafi, ingekula zaidi ya MB 150. Piga hesabu ya bando mwenyewe. Ndiyo maana kila simu hubana picha na video kabla hata hujaziona kwenye galari.

Kwa picha za kawaida, mtindo unaotumika zaidi ni JPEG, uliowekwa rasmi mwaka 1992. Picha hugawanywa katika viraba vidogo vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kiraba programu hubakiza mabadiliko makubwa ya mwanga na kukadiria yale madogo madogo. Ujanja wake umejengwa juu ya udhaifu wa jicho la binadamu, ambalo hukamata tofauti za mwanga vizuri kuliko tofauti za rangi. Kwa hiyo mara nyingi rangi huhifadhiwa kwa ukali mdogo kuliko mwanga, na hapo ndipo wekundu wa shati unapovuja. Vumbi la kwenye herufi nalo ni makadirio hayo hayo: ukingo mkali kati ya nyeusi na nyeupe ni mgumu kuuelezea kwa mawimbi machache, yaani yale mabadiliko ya mwanga yaliyobakizwa, basi mabaki yake husambaa pembeni.

Ukibana mara moja, karibu hakuna anayeona. Tatizo ni mara ya pili, ya tatu na ya kumi, kwa sababu programu haijui kwamba vumbi ni vumbi. Inalipokea kama sehemu ya picha, inalihifadhi kwa gharama ya vitu vya kweli, kisha inaongeza la kwake. Mtu akiikata picha kidogo au akaipunguza ukubwa njiani, viraba vipya havikai juu ya vile vya zamani na uharibifu unaongezeka haraka. Aliyewahi kupeleka dukani kopi ya cheti ili itolewe kopi nyingine, badala ya kupeleka cheti chenyewe, anaujua mchezo huu. Mwaka 2010 msanii mmoja wa Marekani aliupima hadi mwisho: alijirekodi akizungumza, akaipandisha video YouTube, akaipakua, akaipandisha tena, mpaka mara 1,000. Mwishoni sura ilikuwa madoadoa yanayotikisika na maneno hayasikiki tena.

Video ina tabia yake zaidi ya picha. Haihifadhi kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, ikiwa nzima. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha kwa zinazofuata huandika tu kilichobadilika na kilichohama. Mzee akikaa kwenye kiti akitoa hotuba, kinachobadilika ni mdomo na mkono, hivyo video hubanika vizuri. Lakini peleka kamera kwenye kigodoro usiku kule Manzese, taa zinawaka na kuzima, watu wanakata mauno, kila kona ya fremu inabadilika mara 25 kwa sekunde. Nafasi iliyotengwa haitoshi, na programu inaamua kufinyanga viraba vikubwa. Ndiyo maana klipu za ngoma zinazozunguka magrupuni zinaonekana kama zimepigwa kwenye mvua, wakati klipu ya mtu anayelalamika peke yake barazani inavumilia safari ndefu.

Hapo tutenganishe aina mbili za ukungu, kwa sababu watu huzichanganya. Kuna ukungu wa safari, tuliouona hapo juu, na kuna ukungu wa kuzaliwa nao. Video ya kwanza kabisa YouTube, iliyopandishwa tarehe 23 Aprili 2005, ni ya sekunde 19. Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi, amesimama mbele ya tembo kwenye bustani ya wanyama ya San Diego akisema kwamba wana mikonga mirefu sana. Hakuna aliyeiharibu. Siku zile YouTube yenyewe ilionyesha video za pikseli 320 kwa 240.

Dar es Salaam nayo ina ukungu wake wa kuzaliwa. Kabla ya SEACOM, mkongo wa intaneti unaopita chini ya bahari, kuanza kazi Julai 2009, nchi ilitegemea setilaiti, na kutazama video kwenye intaneti kafe ilikuwa ni kutazama kiduara kikizunguka huku muda uliolipia ukiisha. Kwa hiyo video zilizovuma mjini hazikuvuma kwa intaneti. Mtu mmoja alizipata, zikaingia kwenye kompyuta ya kibanda, na wengine wakaenda kuingiziwa kwenye memori kadi pamoja na nyimbo. Kutoka hapo zilirushwa kwa bluetooth, simu hadi simu, kwenye daladala, darasani, kijiweni. Nyingi zilikuwa 3gp, aina ya faili la video la simu za zamani, mara nyingi za pikseli 176 kwa 144. Jumla yake ni pikseli 25,344, wakati fremu ya 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni mbili, yaani zaidi ya mara 80.

Jambo ambalo naona halijapewa heshima yake ni kwamba bluetooth haikuharibu kitu. Ilikuwa polepole, mlilazimika kukaa karibu, lakini ilipeleka faili kama lilivyo. Klipu iliyotoka kibandani Kariakoo ikapita kwenye simu 50 mpaka Mbagala ilifika Mbagala ikiwa ileile, chafu kwa kiwango kilekile ilichozaliwa nacho. Uchakavu wa kweli ulikuja na simu janja, pamoja na kamera zake nzuri.

WhatsApp hubana video na picha unapozituma kama kawaida, na kwa miaka mingi video haikutakiwa kuzidi MB 16. Lakini hata hapa lawama nyingi zinapelekwa pasipohusika. Ukiisambaza video kutoka grupu moja kwenda jingine kwa kitufe cha kusambaza, kwa kawaida haibanwi tena. Anayepokea anapata faili lilelile. Kinachoua ni kuitoa nje na kuirudisha: kuishusha, kuiweka status, mwingine akairekodi status kwa kurekodi skrini, akaiweka TikTok, ikapata nembo, ikashushwa na nembo yake, ikarudi WhatsApp. Kila hatua ni kubanwa upya. Skrinshoti nayo hubeba asilimia ya betri ya mtu usiyemjua, nami hukiri huwa naiangalia kabla ya kuangalia picha. Kuna wakati hata rangi zilihama: katika miaka ya 2010 meme nyingi zilizosambazwa kupitia Android zilikuwa zikigeuka kijani kidogo kidogo, kwa sababu ya makosa ya kukadiria namba wakati wa kubadilisha rangi kwa ajili ya JPEG.

Mzee Majuto alifariki Agosti 2018, na WhatsApp ilileta stika Oktoba mwaka huohuo. Fikiria basi njia ya uso wake. Filamu ilirekodiwa kwa kamera ya kawaida, ikauzwa kwenye diski, diski ikachezwa kwenye TV, mtu akaipiga TV kwa simu au akaikuta YouTube akakata fremu moja, akaandika maneno, ikazunguka, halafu mwingine akaikata mandharinyuma na kuifanya stika. Stika inatakiwa iwe pikseli 512 kwa 512 na isizidi KB 100. Aki na Ukwa wa Nigeria, ambao filamu yao ya mwaka 2002 bado inatoa nyuso za kucheka nazo mpaka leo, walipita njia hiyohiyo.

Gangnam Style haikupita huko kwa sababu ina anwani moja. Kila aliyeitazama alikwenda pale pale, wengi kiasi kwamba Desemba 2014 YouTube ilitangaza kuwa imebadilisha kihesabio chake, ambacho awali hakingeweza kuvuka 2,147,483,647. Kili Paul wa Mkoa wa Pwani vivyo hivyo: video zake za kuigiza nyimbo za Kihindi, zilizomfanya Waziri Mkuu wa India amtaje redioni Februari 2022, bado zipo kwenye kurasa zake zikiwa safi. Anayetaka kuziona anapelekewa kiungo.

Ukungu una faida moja. WhatsApp huweka mishale miwili kwenye ujumbe uliosambazwa mara tano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unaweza kupelekwa kwenye chati moja tu kwa wakati mmoja. Lakini mtu akiishusha video na kuipandisha upya, mishale inafutika na hesabu inaanza moja. Viraba havifutiki. Mvua za masika zikinyesha na ukaletewa video ya bonde la Jangwani, Dar es Salaam, limejaa maji, "imetokea sasa hivi", huku magari yake ni madoadoa na sauti inakwaruza, ina dalili zote za kuzunguka kabla ya mvua hii. Mafuriko yalitokea kweli, ila huenda ni ya masika ya mwaka mwingine.

Unaweza kutuma video bila kuipunguza: itume kama dokumenti badala ya kuichagua kwenye galari. Zile programu zinazodai kusafisha picha ya zamani hazirudishi kilichotupwa. Hubuni pua na macho yanayofanana na kweli. Na kama una memori kadi ya enzi za kibandani iliyosahaulika kwenye droo, itoe, itie kwenye kisoma kadi na unakili faili moja kwa moja kwenda kompyuta. Usiicheze kwenye simu ya zamani na kuirekodi kwa simu mpya. Zile 3gp ndogo huenda ndizo nakala safi kuliko zote zilizobaki mjini.