Insulini hupangwa kwa chakula, si kwa saa ya wodi

Kwenye wodi nyingi dawa za jioni hutolewa kwa mzunguko mmoja, saa 2 usiku. Kwa vidonge vingi hakuna neno. Kwa insulini ni hatari, maana chakula cha jioni huwa kishaliwa tangu saa 11 au saa 12. Mgonjwa akichomwa Mixtard, insulini ya mchanganyiko, saa 2, sukari ya kile chakula imeshapanda, na insulini inapamba moto tumbo likiwa halina kitu. Kufika saa 5 jasho linamtoka, mikono inatetemeka, na taa za wodi zimezimwa.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza dozi nauliza chakula. "Mama, sahani ishafika?" ni swali la kitabibu. Akijibu, "Bado mwanangu, wameanza upande ule," basi sindano ya haraka ingoje.

Tuanze na insulini nyangavu ya muda mfupi, soluble, ambayo wengi twaijua kwa jina la Actrapid au Humulin R. Huanza kazi baada ya dakika 30 hivi, hufika kileleni kati ya saa ya pili na ya nne, na huisha baada ya saa 6 hadi 8. Hupewa dakika 30 kabla ya kula. Zile za haraka zaidi, aspart, lispro na glulisine, huanza ndani ya dakika 10 hadi 20, kwa hiyo hupewa sahani ikiwa mbele ya mgonjwa, au dakika 15 kabla, si zaidi. Kwa mgonjwa anayetapika au mtoto anayechezea chakula, zina faida moja kubwa: daktari anaweza kuagiza zitolewe mara tu baada ya kula, kulingana na kilicholiwa.

NPH, insulini ya muda wa kati, ni ile yenye ukungu. Huanza baada ya saa 1 hadi 2, na kilele chake ni kipana, kati ya saa ya 4 na ya 12. Dozi ya asubuhi huuma mchana. Mgonjwa aliyechomwa NPH saa 1 asubuhi kisha akapelekwa eksirei, akakaa foleni mpaka saa 8 bila chakula cha mchana, anarudi wodini sukari imeshuka. Andika kwenye faili lake kwamba lazima ale, au mfungie chakula aende nacho. Mixtard 30 na Humulin 70/30 ni mchanganyiko wa hizo mbili, asilimia 30 soluble na asilimia 70 NPH, na hupewa dakika 30 kabla ya kifungua kinywa na kabla ya chakula cha jioni.

Glargine, insulini ya muda mrefu, ndiyo inayowachanganya watu. Haina kilele cha kutajika, hukaa karibu saa 24, na haifuati chakula. Inachotaka ni saa ileile kila siku. Lakini ni nyangavu, inafanana kabisa na soluble ndani ya kichupa. Unyangavu si alama ya uharaka, kwa hiyo soma lebo kabla ya kuvuta na usome tena baada ya kuvuta. Glargine haichanganywi na insulini nyingine katika sindano moja, na haiingizwi kwenye mshipa wa damu kamwe. Kwa mgonjwa wa kisukari aina ya 1, usiiruke kwa sababu tu amezuiwa kula kabla ya upasuaji. Mpigie daktari akuambie dozi, kwa kuwa mwili wake bila insulini ya msingi huanza kutengeneza asidi ndani ya saa chache.

Sasa sindano yenyewe, na hapa ndipo makosa makubwa hutokea. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 100 kwa kila mililita, yaani yuniti 1000. Sindano inayolingana nacho ina kifuniko cha rangi ya chungwa na maandishi U-100. Itazame mistari yake vizuri: kwenye sindano nyingi za mililita 1 kila mstari ni yuniti 2, na kwenye za nusu mililita kila mstari ni yuniti 1. Muuguzi aliyezoea ile ndogo akihesabu mistari badala ya kusoma namba, atatoa dozi maradufu. Sindano yenye kifuniko chekundu ni ya U-40, yaani yuniti 40 kwa kila mililita. Ukivutia humo insulini ya U-100 mpaka alama ya 20, mgonjwa amepata yuniti 50.

Sindano za insulini zikiisha, usikubali kutumia ya kawaida ya mililita 2. Yuniti 10 ni mililita 0.1 tu, mstari mmoja mdogo, na unywele wa tofauti humpa mtu nusu au mara mbili. Na kwenye chati ya dawa andika "yuniti" kwa ukamilifu. Herufi U iliyoandikwa kwa haraka husomeka kama sifuri, na 6 ikawa 60. Mwenzako wa zamu aione sindano ikiwa imejaa, kando ya kichupa na chati, kabla hujaelekea kitandani.

Kuchanganya soluble na NPH kuna mpangilio wake. Viringisha kichupa cha NPH kati ya viganja mara 10, kigeuze juu chini mara 10, mpaka kiwe cheupe sawasawa. Usikitikise, kitatoa povu na povu linakula dozi. Ingiza kwenye NPH hewa sawa na dozi yake, ncha isiguse dawa, utoe. Ingiza hewa kwenye soluble, vuta soluble, toa mapovu. Kisha rudi kwenye NPH uvute hadi jumla. Nyangavu hutangulia kwa sababu NPH ikiponyoka kuingia kwenye kichupa cha soluble, kichupa chote kinapoteza uharaka wake, na atakayekitumia kesho hatajua. Ukivuta NPH kupita kiasi usiirudishe. Tupa, anza upya.

Tumboni insulini hunyonywa haraka zaidi, kisha mkononi, kisha pajani na matakoni. Kaa vidole viwili kutoka kitovuni, na kila sindano iwe umbali wa kidole kimoja kutoka ile ya jana. Vuta pazia kwanza: mama asiyetaka kufunua tumbo mbele ya wodi nzima atakupa mkono uleule kila siku. Papasa ngozi kabla ya kuchoma. Ukikuta uvimbe laini kama mpira, usichome hapo, maana insulini hunaswa na hutoka ovyo. Na jambo ambalo husahaulika: mgonjwa aliyezoea kuchoma kwenye uvimbe akihamia ngozi nzima, dozi ileile inaweza kumwangusha. Mwambie daktari siku hiyohiyo.

Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, usichome insulini ya chakula. Mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni; ni dekstrosi ya mshipa kwa maagizo ya daktari, au sindano ya glukagoni, inayopandisha sukari.

Joto la Mombasa nalo lina neno. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kikae nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Kilichoganda hakifai hata kikiyeyuka. Mtungi wa maji husaidia nyumbani stima ikipotea, ila hupoza kwa maji kukauka, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, hivyo baridi yake ni haba kuliko bara kwenye ukavu. Kichupa kilichofunguliwa kiandikwe tarehe, na kwa aina nyingi hutupwa baada ya siku 28.

Ramadhani hugeuza ratiba yote, kwa hiyo daktari apange dozi mapema, wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama. Kwa aliyeruhusiwa kufunga na anatumia Mixtard mara mbili, kwa kawaida dozi ya asubuhi huhamia futari, na ile ya jioni hupunguzwa robo hadi nusu ikapewa wakati wa daku. Mimi hupendelea achome adhana ya magharibi inapolia, ale tende, aswali, kisha aketi kula: ile nusu saa imetimia yenyewe. Anayetumia aina ya haraka achome akishaketi, si kabla ya kwenda msikitini. Sukari chini ya 3.9 au juu ya 16.7 afungue palepale, hata zikiwa zimebaki dakika chache. Kipimo cha alasiri ndicho wengi hukiruka, na ndicho kinachoonyesha kama NPH ya daku ni nyingi mno. Kikikaribia 4 mara kwa mara, dozi hiyo irudishwe kwa daktari ipunguzwe.