Nani hasa alijenga Gandzasar?

Juu ya kijiji cha Vank, milimani Karabakh, eneo la Kaukazi lililogombaniwa na Waarmenia na Azabajani, kuna monasteri ya Gandzasar. Tangu enzi za Usovieti, wanahistoria wengi wa Azabajani hudai ni kazi ya Waalbania wa Kaukazi (watu wa kale wa eneo hilo, si wale wa Balkani), na kwamba Waarmenia waliitwaa baadaye.

Dai hili halikuzuka hewani. Viongozi wa kanisa waliokaa pale walibeba cheo cha Katoliko (mkuu wa kanisa) wa Albania hadi Warusi walipokifuta mwaka 1815. Lakini ufalme wa Albania ulikuwa umetoweka karne nyingi kabla, na viongozi hao walikuwa wa Kanisa la Armenia. Ukiingia ndani, maandishi marefu ya Hasan-Jalal, mtawala wa Khachen (dola ndogo ya Karabakh) aliyejenga kanisa kati ya 1216 na 1238, yamechongwa ukutani kwa Kiarmenia. Waalbania walikuwa na alfabeti yao, yeye hakuitumia.

Kukiri hilo hakuhamishi mpaka: kisheria eneo ni la Azabajani. Ila zaidi ya Waarmenia 100,000 waliihama Karabakh mwaka 2023 Azabajani ilipoitwaa kwa nguvu, na maandishi yale yanahitaji kulindwa kama yalivyo.