Je, wajua kwa nini bei huchorwa kwenye mhimili wima?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi au biashara hufundishwa katika hisabati kwamba kigezo kinachoamua hukaa kwenye mhimili mlalo, na kinachoamuliwa hukaa wima. Akiingia darasa la uchumi anakuta mahitaji yameandikwa Q = 100 − 2P, yaani kiasi kinachonunuliwa (Q) kinategemea bei (P), lakini mchoro wake umeweka bei wima na kiasi mlalo. Wengi huridhika na maelezo kwamba wanauchumi wa zamani hawakuijua hisabati vizuri, wakakosea, na kosa hilo likarithiwa.

Maelezo hayo hayasimami. Aliyeueneza mchoro huu ni mwanauchumi Alfred Marshall wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kupitia kitabu chake kikuu cha 1890. Mwaka 1865 Marshall alishika nafasi ya pili katika mtihani wa hisabati wa chuo hicho, nyuma ya John Strutt, yule ambaye baadaye, akiitwa Lord Rayleigh, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Wala hakukosa mfano wa kuiga. Mfaransa Antoine Augustin Cournot alikuwa ameshachora mahitaji mwaka 1838, bei ikiwa mlalo kama hisabati inavyotaka, na Marshall alimsoma Cournot na kumshukuru katika dibaji. Mtu wa namna hiyo hageuzi mihimili kwa kutojua.

Ukisoma hoja zake, unaona kwamba swali lake lilikuwa jingine. Chukua ukumbi wa tamasha. Mwandaaji anaweza kutangaza bei ya tiketi kwanza, kisha akasubiri kuona watu wangapi watakuja. Hapo bei inatangulia, na idadi ya watu inaifuata. Lakini viti vikiwa tayari 40, na haviongezeki wala kupungua usiku huo, anachouliza ni kitu kingine: ni bei gani ya juu kabisa itakayojaza viti vyote? Sasa idadi ndiyo inayotangulia, na bei ndiyo jibu. Igeuze fomula ya hapo juu upate P = 50 − Q/2, weka Q = 40, na bei inatoka 30. Uhusiano haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni upande unaoanzia.

Marshall alianzia upande wa viti. Kwake kila kiasi kina bei ambayo wanunuzi wako tayari kuilipa na bei ambayo wazalishaji wanaihitaji. Ya kwanza ikiizidi ya pili, uzalishaji unaongezeka. Ikipungua chini yake, uzalishaji unashuka. Kiasi ndicho kinachosogea, na kwa hesabu hiyo nafasi yake halali ni mlalo. Mwanauchumi Mfaransa Léon Walras, aliyeandika miaka ya 1870, alianza na bei: mahitaji yakizidi ugavi, bei hupanda. Ajabu ni kwamba maelezo yanayotolewa darasani mara nyingi ni ya Walras, na mchoro unaosindikiza maelezo hayo ni wa Marshall. Mkanganyiko wa wanafunzi unazaliwa hapo.

Je, hoja hiyo pekee ndiyo iliyoudumisha mchoro? Sidhani. Kitabu cha Marshall kilitoka mara nane hadi 1920, na mazoea yana nguvu zake. Lakini ipo faida halisi pia. Gharama za kampuni huhesabiwa kwa kiasi kinachozalishwa, na gharama ya kuongeza kipimo kimoja ni fedha kwa kila kipimo, sawa na bei. Bei ikikaa wima, gharama na mahitaji vinaingia kwenye mchoro mmoja. Mapato ni 50Q − Q²/2, hivyo mapato ya ziada, yaani yanayoletwa na kuuza kipimo kimoja zaidi, ni 50 − Q, mstari wenye mteremko mkali maradufu kuliko ule wa mahitaji. Gharama ya ziada, yaani ile ya kuongeza kipimo kimoja, ikiwa 10, mistari inakutana penye Q = 40, na bei inayoleta faida kubwa zaidi kwa muuzaji aliye peke yake sokoni ni 30.

Mtego uliobaki uko kwenye unyumbufu, yaani asilimia ambayo kiasi hubadilika bei ikibadilika kwa asilimia moja, na ni wa kuuangalia kwa makini. Mteremko unaouona mchoroni ni −1/2, lakini unyumbufu wa mahitaji hutaka badiliko la kiasi kwa bei, ambalo ni −2. Penye bei 30 na kiasi 40, hesabu sahihi ni −2 × 30/40 = −1.5. Ukichukua mteremko wa mchoro unapata −0.375, kana kwamba kiasi hupungua kwa asilimia ndogo kuliko bei inavyopanda, na utamshauri muuzaji apandishe bei ili mapato yaongezeke. Akiipandisha hadi 31 atauza 38, na mapato yatashuka kutoka 1,200 hadi 1,178.