Shirikisho la Afrika Mashariki: ardhi yako haichukuliwi

Tangu maoni ya wananchi yaanze kukusanywa kuhusu katiba ya konfederesheni ya kisiasa ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, swali tunaloulizwa zaidi, Busia hadi Mutukula, ni la ardhi: je, wageni watakuja kuigawana? Hapana. Ibara ya 15 ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya, inayotumika tangu Julai 2010, inaacha suala la kupata na kutumia ardhi chini ya sera na sheria za kila nchi. Katiba yetu ya Uganda nayo, ibara ya 237, inamruhusu asiye raia kukodi kwa muda tu. Tumelieleza hili mara nyingi. Inasikitisha kwamba wapo viongozi wenye nakala ya Katiba mezani ambao bado wanawatisha wazee vijijini kwa uvumi huo.

Tena, Uganda haijaingia Shirikisho, kwa sababu Shirikisho lenyewe halijaundwa. Kamati ya Amos Wako, iliyoundwa kutafuta njia ya kuliharakisha, ilipendekeza mwaka 2004 liwepo kufikia 2013. Haikuwezekana. Mei 2017 wakuu wa nchi wakakubaliana kuanza na konfederesheni: kila nchi inabaki na mamlaka yake, inakabidhi mambo machache tu. Jaji Mkuu mstaafu Benjamin Odoki ndiye aliyepewa kuongoza wataalamu wa rasimu ya katiba yake.

Wengine wanasema ukiingia hutoki. Someni Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 145. Bunge la nchi hupitisha azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha Katibu Mkuu hupelekewa notisi ya maandishi ya miezi 12, ambayo nchi inaweza kuifuta kabla haijaisha. Nchi isiyolipa michango yake kwa miezi 18 inaweza kusimamishwa kwa ibara ya 146. Kufukuzwa ni ibara ya 147, kwa ukiukaji mkubwa unaoendelea, nako kunatanguliwa na notisi ya miezi 12.

Hizo ni kanuni za Jumuiya. Za konfederesheni zitaandikwa kwenye katiba yake, na hapo ndipo ningependa wananchi waweke nguvu. Leo wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano, kwa hiyo Uganda isiyo na bahari, ambayo mizigo yake hupitia Mombasa na Dar es Salaam, ina sauti sawa na wenye bandari. Ulizeni kama rasimu itailinda sauti hiyo, na kama itaweka njia ya kutoka iliyo wazi kama ya ibara ya 145.