Debe: bati limeondoka, neno limebaki

Nenda soko la Kibuye, Kisumu, uulize, "Mama, debe la mahindi pesa ngapi?" Atakutajia bei papo hapo, kisha atakupimia kwa ndoo ya plastiki iliyowahi kubeba rangi ya nyumba. Debe lenyewe, lile la bati lenye pande nne, huenda usilione soko zima.

Neno lina asili ya Kihindi, dabba, yaani kopo au kasha. Kilicholieneza huku kwetu ni mafuta ya taa, ambayo enzi za ukoloni yalisafirishwa katika madebe ya galoni 4, karibu lita 18. Mafuta yakiisha, nani angetupa bati zuri namna ile? Likatekewa maji, likapimiwa nafaka, likapasuliwa na kunyooshwa likawa ukuta au paa, na vipande vilivyosalia mafundi wa jua kali wakavifanya koroboi.

Kama kipimo, debe 6 za mahindi makavu hujaza gunia la kilo 90, kwa hiyo debe moja ni kama kilo 15. Chini yake yuko mdogo wake, gorogoro, mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2. Ila debe hupima ujazo, si uzito. Debe la omena kavu, dagaa wa ziwani, mtoto atalibeba akikimbia. La maharagwe litamkalisha chini. Na viazi ndivyo vigumu zaidi. Ukinunua viazi vya Molo pale Nakuru, ugomvi wote uko kwenye kilele: vipangwe vikipanda juu kama mlima, au viishie ukingoni? Mimi debe la viazi lisilo na kilele silihesabu kuwa debe. Tena litazame kitako kwanza, maana kikibonyezwa kuingia ndani, viazi viwili vitatu vimeshapotea.

Bati pia hulia, na hapo ndipo tulipopata kupiga debe: kunadi kitu au mtu kwa kelele. Mwanasiasa hupigiwa debe na wafuasi wake. Tanzania, anayeita abiria stendi ni mpigadebe. Kwetu Kisumu huyo ni manamba, na ukimwita mpigadebe atadhani unamhusisha na kampeni.

Kuna methali mbili ambazo watu huzichanganya. Debe tupu haliachi kuvuma humsema mjinga mwenye maneno mengi. Nyingine ni debe shinda haliachi kutika. Shinda hapa halihusiani na ushindi. Ni debe ambalo halikujaa. Aliyewahi kujitwika maji kutoka mtoni anaijua hiyo: lililojaa hutulia kichwani, lililo nusu hucheza na kukulowesha mgongo. Mimi naona ya pili ndiyo kali zaidi, kwa kuwa inamlenga mwenye elimu kidogo, si asiye nayo kabisa.

Halafu kuna debe la kura. Mwaka 1988 wanachama wa KANU, chama kilichotawala Kenya wakati huo, waliteua wagombea kwa mlolongo, wakipanga foleni hadharani nyuma ya mtu wao, kila jirani akiona umesimama wapi. Kwa waliopitia hayo, debe lilimaanisha siri. Sanduku la kura siku hizi ni la plastiki inayoonyesha karatasi zilizomo, wala halifanani na kopo la mafuta ya taa, lakini mgombea aliyekasirika bado humwambia mpinzani wake, "Tukutane debeni."