Je, wajua kwa nini mzoefu wa Destruction Derby hugonga kwa nyuma?

Mchezaji mgeni wa gemu la zamani la Destruction Derby hutambulika mara moja, awe amekaa katika kibanda cha gemu cha Ngamiani, Tanga, au sebuleni kwao. Akiingia kwenye uwanja wa duara uitwao The Bowl, ambako kazi ni moja tu ya kugongana hadi libaki gari moja, hukanyaga mafuta na kumvamia adui wa kwanza uso kwa uso. Baada ya vishindo vichache gari lake hufuka moshi, huishiwa nguvu na kuzimika. Mzoefu hugeuza gari, huweka rivasi na kuwaendea wenzake kinyumenyume. Anaonekana mtu wa mzaha, lakini ndiye anayebaki uwanjani.

Gemu hilo lilitoka mwaka 1995 kwa PlayStation ya kwanza na kwa kompyuta. Lilitengenezwa na studio ya Reflections ya Newcastle, Uingereza, na kusambazwa na Psygnosis. Katika gemu nyingi za mbio za wakati huo magari yaligongana, yakarushwa pembeni na kuendelea na safari yakiwa mazima kabisa. Reflections waliligawa bodi la gari katika sehemu, yaani mbele, nyuma na pembe zake, na kila sehemu ikawa na hesabu yake ya mapigo. Ukigongwa sana upande mmoja, gari huanza kuvuta kwenda pembeni. Ukiumia mbele, rejeta huharibika, injini huchemsha, na mchezo wako umekwisha.

Hapo watengenezaji walifuata kanuni ya gari halisi. Magari mawili yakigongana, nguvu inayolipiga la kwanza ni sawasawa na ile inayolipiga la pili. Hakuna anayepata nafuu kwa kuwa yeye ndiye aliyevamia. Kinachotofautiana ni kitu kilichopo nyuma ya bati lililopigwa. Kwenye gari la kawaida lenye injini mbele, sentimita chache tu nyuma ya bampa imesimama rejeta, ambayo ni mirija myembamba iliyozungukwa na mapezi ya bati jepesi kiasi kwamba hujikunja kwa kidole. Nyuma yake kuna feni, na nyuma ya feni kuna injini. Bampa likisukumwa ndani, rejeta hubanwa kwenye feni, mirija hupasuka na maji humwagika. Fundi yeyote wa gereji za Tanga atakueleza kinachofuata dereva akilazimisha kuendelea bila maji: silinda hedi hupinda kwa joto, gasketi huungua, na mwisho pistoni hukwama.

Nyuma, kwa kawaida, kuna buti, nafasi tupu ambayo bati linaweza kujikunja ndani yake na kumeza kishindo bila kuigusa injini. Ndiyo maana hata katika mashindano halisi ya kugongesha magari, ambayo Marekani hufanyika sana kwenye maonyesho ya wilaya, madereva hupenda kugonga kwa nyuma. Tangi la mafuta, ambalo mara nyingi hukaa huko nyuma, hung'olewa mapema na badala yake hufungwa tangi dogo ndani ya gari, na vioo huondolewa vyote.

La kustaajabisha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba hayo yote yaliendeshwa na mashine yenye kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 tu na prosesa ya takriban megahezi 34, huku magari yakifika 20 uwanjani. Siri yake ni kwamba gari la kwenye skrini ni maumbo machache bapa yaliyounganishwa kwenye ncha zake. Ili kuonyesha boneti lililobonyea, programu haihitaji kuchora gari jipya. Huzisogeza ndani ncha za sehemu iliyopigwa, na bati linaonekana limejikunja.

Hata hivyo, kugonga kwa nyuma si dawa ya kila shindano. Katika Wreckin' Racing, shindano jingine la gemu hilohilo, magari hukimbia mzunguko, na pointi hupatikana kwa kumzungusha mpinzani: kadiri anavyozunguka zaidi, ndivyo pointi zinavyopanda. Hapo rivasi haina kazi. Mzoefu humfuata mpinzani kwa karibu, kisha humgusa kwa pembe ya mbele kwenye fenda la nyuma, mbali na kitovu cha uzito wa gari, kwa sababu nguvu inayopita pembeni mwa kitovu hicho hulizungusha gari badala ya kulisukuma tu mbele. Mguso mdogo uliolengwa vizuri hutosha kumgeuza aangalie alikotoka, nayo rejeta ya mgongaji ikabaki salama kwa mizunguko iliyosalia.